Fremu 12 za Mwanga, Kigoma: huu ni ubia, upangaji au deni tu?

Mtoto wa Kibirizi · #1

Wakuu, salaam. Naleta mgogoro huu kama ulivyo, wajuzi wa sheria, ujenzi na hesabu mtusaidie.

Kiwanja kipo Mwanga, mita 25 kwa 20, hati ina jina la mzee mmoja. Mwaka 2014 mzee alielewana na mfanyabiashara: huyu atoe eneo, yule ajenge fremu za maduka kwa fedha yake. Karatasi yao kichwa chake ni "Makubaliano ya Uwekezaji wa Pamoja", imegongwa muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Kipengele kinachogombewa: "Kodi ataichukua mjenzi hadi fedha yake irudi, baada ya hapo kodi itagawanywa nusu kwa nusu." Kiasi hakikuandikwa. Muda haukuandikwa.

Fremu 12 zimepangishwa tangu Januari 2016, kodi 150,000 kwa mwezi kila moja. Mzee alifariki 2021. Watoto wanasema jamaa alikuwa anadai, deni limeisha, aondoke. Mjenzi anasema yeye ni mbia na nusu ya jengo ni yake. Anadai alitumia milioni 186, watoto wanasema haizidi 140.

Huu ni ubia au siyo?

Mgebuka Mkavu · #2

Siti ya mbele. Uzi wa fremu haujawahi kuisha ukurasa mmoja.

Msomi wa Gungu · #3

Kichwa cha karatasi kiweke pembeni. Mkataba wa upangaji ukiupa jina la uwekezaji wa pamoja unabaki wa upangaji. Mahakama inaangalia watu walikubaliana nini na walifanya nini.

Mambo ya ubia yamo kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kuanzia kifungu cha 190. Maana yake ni uhusiano wa watu wanaofanya biashara kwa pamoja kwa lengo la kupata faida. Wengi wanapotea kwenye kanuni zinazofuata hapo. Kumiliki mali pamoja, peke yake, si ubia. Kugawana mapato ghafi, peke yake, si ubia. Anayelipwa deni lake kutoka kwenye faida hageuki mbia kwa sababu hiyo tu. Kugawana faida halisi, yaani baada ya kutoa gharama, ndiyo dalili ya ubia, na dalili yenyewe inaweza kupingwa.

Rudi kwenye kipengele: "kodi itagawanywa". Wameandika kodi, hawakuandika faida. Bati likiezuka, nani anarudishia? Fremu tatu zikikaa tupu miezi minane, nani anaumia? Karatasi ikikaa kimya kuhusu hasara, kwangu mizani inalala upande wa watoto.

Bi Ujiji · #4

Msomi, umesoma nusu ya kwanza ya sentensi ukaiacha ya pili. Deni likishalipwa linakufa. Kama huyu alikuwa mdai tu, kwa nini baada ya fedha yake kurudi aendelee kula nusu ya kodi bila mwisho? Hiyo nusu inalipa nini? Hakuna mkopeshaji anayepewa nusu ya kodi milele kama asante. Nusu hiyo ni ya mtu mwenye chake ndani ya biashara.

Na hasara aliibeba tangu mwanzo. Fremu zisingepata wapangaji, fedha yake isingerudi, na kwenye karatasi hakuna mahali mzee ameahidi kuilipa kutoka mfukoni mwake. Mkopo wa hivyo uko wapi?

Msomi wa Gungu · #5

Hoja ya #4 ina uzito, sikatai. Lakini hata ukishinda hapo umepata nusu ya kodi, hujapata nusu ya jengo. Kwenye Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, jengo lililoshikamana na ardhi ni sehemu ya ardhi. Na kifungu cha 64 kinataka mkataba wa kuhamisha haki ya ardhi uwe wa maandishi, au angalau kuwe na maandishi ya masharti yake, na uwe na sahihi ya anayedaiwa. Maandishi yaliyopo yanataja kodi. Neno "jengo" umeliona wapi?

Fundi Nondo · #6

Mleta uzi, slabu ipo juu ya fremu au ni bati? Na nguzo zimeachwa na nondo zilizochomoza? Kama zimechomoza, walipanga kupandisha ghorofa. Mtu anayejenga ili arudishiwe fedha yake aondoke haweki msingi wa ghorofa.

Mgebuka Mkavu · #7

Fundi, kwa kipimo hicho nusu ya Tanzania ni wabia. Nenda barabara ya Ujiji uhesabu nondo zinazoota kutu juu ya nyumba, nyingine zinatumika kuanikia nguo.

Mtoto wa Kibirizi · #8

Slabu ipo, nene inchi sita, na nondo zimechomoza. Fremu ni za mita 3 kwa 5, saba zinatazama barabara na tano zimekunja ubavuni.

Fundi Nondo · #9

Mgebuka, cheka lakini nondo zinatofautiana. Nondo za matumaini ni za milimita 12, nne kwa nguzo, na chini hakuna kitu cha maana. Chimba pembeni mwa nguzo moja ya kati na moja ya kona hadi uone kitako. Ukikuta kitako cha mita 1.2 kwa 1.2 na nondo za 16, huo msingi ulikusudiwa kubeba mzigo. Ukikuta sentimita 60 za zege chafu, hapo walikuwa wanajifurahisha. Kisha mfuate mhandisi wa manispaa, uombe nakala ya michoro iliyopewa kibali cha ujenzi. Angalia mambo mawili tu: michoro ni ya chini peke yake au ya ghorofa, na mwombaji ni nani.

Kuhusu milioni 186: mita za mraba ni 12 mara 15, sawa na 180. Hiyo ni kama 1,033,000 kwa mita ya mraba. Ya watoto inatoka kama 778,000. Slabu ya mita za mraba 180 kwa unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 27. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, kila mita ya ujazo inakula mifuko sita na nusu ya saruji, kwa hiyo slabu nzima ni mifuko kama 176. Tafuta risiti za wiki ya kumwaga zege. Zikisema mifuko 400, kuna nyumba nyingine ilijengwa mahali.

Mthamini Mtulivu · #10

Fundi umesahau kibaraza. Fremu za mjini slabu hutoka mbele kufunika wateja. Mita 36 za urefu kwa 1.5 ni mita za mraba 54 zaidi, ujazo 8.1, mifuko 53 hivi. Jumla inakaribia 230. Bado 400 ni nyingi, ila usimwite mtu mwizi kwa mifuko ya kibaraza.

Tena msichanganye gharama na thamani. Mthamini akienda leo ataangalia jengo lingejengwa leo kwa bei gani, atoe uchakavu. Namba hiyo haijibu swali la "fedha yake". Swali hilo linajibiwa na risiti za 2014 na 2015, na zikikosekana, mkadiriaji majenzi anapima jengo lilivyo na kuliwekea bei za vifaa za wakati ule. Pande zote mbili zinapenda kuleta ripoti ya thamani ya leo mahakamani halafu zinashangaa haisaidii. Na hakikisha aliyeisaini amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini. Ripoti ya dalali wa viwanja ni maoni tu.

Hesabu Kali · #11

Nawawekea mezani. Fremu 12 kwa 150,000 ni 1,800,000 kwa mwezi, 21,600,000 kwa mwaka. Januari 2016 hadi Desemba 2023 ni miaka minane: 172,800,000.

Gharama ikiwa 140, fedha ilirudi katikati ya 2022, baada ya miaka sita na nusu hivi. Ikiwa 186, mwisho wa 2023 bado alikuwa anadai 13,200,000. Sasa weka ukweli wa fremu: nyingine zilikaa tupu. Ukitoa asilimia 15, makusanyo ya miaka minane yanashuka hadi 146,880,000. Kwa hesabu ya watoto deni bado limeisha, kwa hesabu ya mjenzi bado karibu milioni 39. Hapo hatujagusa kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango. Ilikatwa? Nani aliibeba?

Ndiyo maana nasema ugomvi wenu wa jina la mkataba unategemea daftari la makusanyo. Lipo?

Mtoto wa Kibirizi · #12

Daftari lipo kwa mjenzi. Kuanzia 2019 kuna miezi ameandika "mzee 300,000", karibu kila mwezi.

Bi Ujiji · #13

Haya sasa! Mzee alikuwa anapokea kabla fedha haijarudi. Wabia wanagawana. Mdai anayekusanya deni lake hampi mdaiwa laki tatu kila mwezi.

Hesabu Kali · #14

Au mjenzi alikuwa mpangaji wa eneo zima na ile ilikuwa kodi ya kiwanja. Laki tatu kwenye 1,800,000 ni moja ya sita, haifanani na nusu kwa nusu. Mwenye daftari atafute kama kuna mwezi kiasi kilipanda au kushuka kufuata fremu tupu. Kikibadilika na makusanyo, mzee alikuwa anabeba bahati ya biashara. Kikibaki 300,000 mwezi wa neema na mwezi wa njaa, hiyo ni kodi.

Kanyenye · #15

Salamu kutoka Tabora. Huku utaratibu huo tunauita jenga, tumia, rudisha. Mwenye fedha anajenga, anakula kodi miaka kadhaa, anarudisha jengo na kiwanja kwa mwenyewe. Ni upangaji wa ardhi ambao kodi yake ni jengo. Kosa la karatasi yenu ni kuacha idadi ya miaka. Waliozoea wanaandika "miaka minane kuanzia siku ya mpangaji wa kwanza", na hakuna anayehangaika na risiti za saruji.

Kuna kesi ya Uingereza ya 2008, Cobbe, jamaa alihangaikia kibali cha ujenzi wa nyumba ya watu London kwa maneno ya mdomo, wakamgeuka, mahakama ikampa sehemu ya nyumba. Mjenzi wenu ajaribu njia hiyo.

Msomi wa Gungu · #16

Kanyenye, hapo umeisoma kinyume. Cobbe alikubaliana kwa mdomo kununua jengo la Knightsbridge kwa pauni milioni 12, na mauzo yakivuka milioni 24 mwenye jengo apate nusu ya ziada. Kibali kikatoka 2004, mwenye jengo akataka milioni 20. Mahakama za chini zilimpa haki kwenye jengo, House of Lords, iliyokuwa ngazi ya mwisho ya mahakama huko, ikaiondoa. Alibaki na malipo ya kazi na gharama zake tu. Sababu: alikuwa mfanyabiashara mzoefu, alijua makubaliano hayajakamilika kisheria, akaamua kubahatisha.

Inayomsaidia mjenzi ni ya Australia, United Dominions dhidi ya Brian, 1985. Ilikuwa ya uendelezaji wa viwanja pia. Mahakama ilisema neno "joint venture", yaani uwekezaji wa pamoja, si la kisheria lenye maana moja iliyotulia, na kwamba wajibu wa uaminifu kati ya washirika unaweza kuanza hata kabla mkataba rasmi haujasainiwa. Zote mbili kwetu ni za kushawishi, hazimfungi jaji wa Kigoma.

Kanyenye · #17

Nimekubali, nilichanganya ngazi za mahakama. Asante.

Mgebuka Mkavu · #18

Mnaenda London na Australia mnaipita Dar. Sakata la jengo la klabu ya Bilicanas 2016 lilikuwa nini? Shirika la Nyumba la Taifa linasema mpangaji anadaiwa kodi zaidi ya bilioni moja, upande wa pili unasema sisi ni wabia. Swali ni lile lile.

Msomi wa Gungu · #19

Swali ni lile lile, mazingira tofauti. Pale kulikuwa na shirika la umma na nyaraka zake. Na tafadhali tuishie hapo, jina la mmiliki wa klabu likitajwa uzi utahamia siasa.

Karani wa Masjala · #20

Wakuu, mnagombea jina la mkataba wakati kesi nyingi za namna hii zinakufa mlangoni kabla jina halijaulizwa. Nayaweka kwa jinsi yanavyoua.

Kwanza, mjenzi anamshtaki nani? Akiwashtaki watoto kwa majina yao, shauri litaondolewa. Mali ya marehemu inasimamiwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mleta uzi hajasema kama yupo. Watoto nao hawana uwezo wa kumfukuza mtu kwenye mali ya marehemu bila msimamizi.

Pili, karatasi yenyewe. Nyaraka isiyolipiwa ushuru wa stempu haipokelewi kama ushahidi mpaka ushuru ulipwe pamoja na adhabu yake. Hili linarekebishika, ila lirekebishwe mapema, siyo asubuhi ya kusikilizwa. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unathibitisha kuwa alikuwepo, basi. Haufanyi kazi ya wakili wala ya Msajili wa Hati.

Tatu, muda. Madai ya mkataba ni miaka sita, madai ya kurudisha ardhi ni kumi na miwili. Kwa hiyo jina mnalolichagua linabadilisha kalenda. Anayesema "deni" ahesabu sita tangu siku alipokataliwa, anayesema "ardhi yangu" ana nafasi ndefu zaidi.

Mtoto wa Kibirizi · #21

Karani, hapa tumeambiwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya mwisho wake ni milioni 40, kwa hiyo lazima twende Mahakama Kuu Tabora.

Karani wa Masjala · #22

Aliyekwambia amelala tangu 2016. Kabla ya hapo ilikuwa 50 kwa kurudisha umiliki wa mali isiyohamishika na 40 kwa madai mengine yanayopimika kwa fedha. Marekebisho ya 2016 yameifanya 300 na 200. Na habari ya Tabora ilikuwa enzi za kusafirisha majalada kwa treni. Kigoma sasa ina masjala yake ya Mahakama Kuu.

Tatizo lako ni lingine. Ukidai hesabu za ubia uliovunjika, upande wa pili utasema hilo si shauri la ardhi, umekosea baraza. Ukidai nusu ya jengo, watakuuliza maandishi ya kifungu cha 64. Andika madai ukijua unaingia mlango gani. Na ukinukuu namba za vifungu, kagua Toleo la Marekebisho la 2023 lililoanza kutumika Julai 2025. Baadhi ya namba zimehama.

Bi Ujiji · #23

Naongeza alama za pembeni ambazo mara nyingi husema ukweli kuliko karatasi. Mikataba ya wapangaji: sehemu ya "mpangishaji" ameandikwa nani? Mzee, mjenzi, au wote wawili? Mita za LUKU zilifunguliwa kwa jina la nani? Tangu kodi ya majengo ianze kukatwa kwenye LUKU mwaka 2021, kila fremu imekuwa na kumbukumbu. Pango la ardhi la kila mwaka lililipwa na nani baada ya 2015? Mjenzi akiwa amelipa pango la ardhi la mzee miaka yote, hiyo si tabia ya kontrakta.

Na mke wa mzee? Kama yupo na hakuridhia, usimsahau.

Hesabu Kali · #24

Nenda na TRA pia. Ubia una namba yake ya mlipakodi na unawasilisha ritani yake, yaani taarifa ya mapato, kisha kila mbia anaonyesha fungu lake. Kama mjenzi alitangaza kodi yote ya fremu kama mapato yake peke yake miaka minane, na leo anakuja kusema "tulikuwa wawili", wakili wa watoto ataitoa ritani hiyo polepole sana.

Bi Ujiji · #25

Na kama hakutangaza kabisa?

Hesabu Kali · #26

Basi ana kesi mbili.

Mthamini Mtulivu · #27

Naona kila mtu ameshika jina lake. Mimi nina la tano: haukuwepo mkataba kamili. Makubaliano yasiyoeleweka na yasiyoweza kueleweshwa ni batili kwa Sheria ya Mikataba, na "fedha yake irudi" bila kiasi, bila njia ya kukikokotoa, bila ukomo, iko karibu sana na hapo. Likianguka, aliyenufaika anarudisha alichonufaika nacho. Mjenzi analipwa thamani ya jengo, makusanyo yanatolewa humo, kila mtu kwao. Hapo ndipo ripoti yangu inakuwa na kazi.

Bi Ujiji · #28

Bwana Mthamini kila barabara kwako inaishia kwenye ripoti ya mthamini.

Lakini mkataba uliotekelezwa miaka minane, jengo limesimama, kodi imekusanywa, laki tatu zimepokelewa, jaji gani atasema haukueleweka? Wenyewe waliuelewa.

Msomi wa Gungu · #29

Mimi nimesogea kidogo tangu #3. Naanza kuona ubia wa mapato bila ubia wa mali: kiwanja na jengo vya mirathi, mkondo wa kodi wa wawili. Shida inabaki kwenye ukomo. Mbia mmoja akifa, kanuni ya kawaida ni kwamba ubia unavunjika isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Kwa hiyo Bi Ujiji akishinda hoja ya ubia, watoto watasimama na kusema ahsante, ulivunjika 2021, tufunge hesabu.

Halafu kuna kibali cha Kamishna wa Ardhi. Kama walichofanya kilikuwa kuhamisha sehemu ya haki ya ardhi, kesi ya Nitin Coffee Estates ya 1988 ilishasema uhamisho usio na kibali hauna nguvu.

Kanyenye · #30

Ndiyo maana jenga, tumia, rudisha inawafaa wote. Kifo hakivunji upangaji.

Fundi Nondo · #31

Mleta uzi, kile kitako umechimba?

Mtoto wa Kibirizi · #32

Kitako bado. Ila leo mjenzi ametoa karatasi halisi, ina ukurasa wa pili ambao nakala za watoto hazina. Mstari wake unasema "matengenezo na hasara zitabebwa na wote wawili." Ukurasa huo hauna sahihi, na wino wake ni mweusi wakati wa kwanza ni wa bluu.

Hesabu Kali · #33

Uzi umekuwa mtamu kama mgebuka wa mawese.

Msomi wa Gungu · #34

Mstari huo ndio nilioulizia #3. Ukiwa wa kweli, nusu ya niliyoandika naifuta. Lakini ukurasa usio na sahihi unahitaji kitu cha kuufunga na wa kwanza: sentensi inayoanzia mmoja na kuishia mwingine, tundu za pini zinazolingana, shahidi aliyekuwepo. Mwenyekiti wa mtaa wa 2014 yu hai?

Mtoto wa Kibirizi · #35

Yu hai, yupo Katubuka. Mjenzi alitaka kuzipiga lamineti kurasa zote mbili kesho ili zisichakae.

Karani wa Masjala · #36

Mzuie leo hii. Karatasi ikishapigwa lamineti, mchunguzi wa maandishi hawezi kupima wino wala kuona alama za kalamu upande wa nyuma, na hakuna atakayeitenganisha bila kuichana. Aiweke kwenye bahasha ya karatasi, bila kutoboa, bila kubana pini mpya, na asiandike chochote juu ya bahasha ikiwa karatasi imo ndani.